Mia Moja Arobaini na Tatu

Mimi nikikasirika sipigi kelele. Wodini wananiita Pilipili, na wageni hudhani ni kwa sababu ya mdomo. Wanaonijua wanajua kwamba mdomo ukifunga ndipo wajihadhari. Asubuhi ile nilinyamaza, na wenzangu wa zamu wakaanza kunipisha njia.

Kilichonitibua kilikuwa ubaoni. Wodi yetu ni ya watu walioungua, na ubao wetu hauna majina, una vitanda na namba. Namba hupatikana hivi: unachukua umri wa mgonjwa, unaongeza asilimia ya ngozi iliyoungua, na kama moshi umeingia kifuani unaongeza kumi na saba. Kadiri namba inavyopanda ndivyo uhai unavyokuwa mbali. Mgonjwa akivuka mia moja arobaini hatumwogeshi, kwa kuwa kuoshwa kidonda cha moto ni mateso, wala hatumtii mrija wa hewa. Tunampeleka chumba cha pazia, kule mwisho wa korido, tunampa dawa ya maumivu na kuwaita ndugu zake waje waagane naye. Kanuni hiyo aliileta daktari wa wodi. Akiwa hayupo tunamwita Bwana Hesabu. Mimi nilikuwa nimempenda miaka mitatu.

Chumba cha pazia kilikuwa na mgonjwa mpya. Umri sitini na nne, ngozi sitini na mbili, moshi kumi na saba. Jumla mia moja arobaini na tatu. Nikauliza ni nani. Muuguzi wa zamu ya usiku alikuwa anavua glavu na hakunitazama usoni. Akasema ni yule mama mpika rangi za vitambaa, Mama Rangi, ameletwa alfajiri. Mama yake Daktari.

Nikauliza Daktari yuko wapi. Akaniambia yuko ofisini tangu saa kumi na mbili na nusu, amejifungia na karatasi, hajaingia kumwona mgonjwa.

Hapo ndipo niliponyamaza.

Nisidanganye. Kitu cha kwanza kilichonipitia moyoni hakikuwa huruma. Wiki mbili tu zilikuwa zimepita tangu Daktari anichukue mkono kwa mkono kwenda kunitambulisha kwa mama yake. Tulimkuta karakanani, kati ya mapipa yanayochemka na vitambaa vilivyotandazwa kwenye kamba. Nikapiga goti kidogo, nikasalimia shikamoo, nikanyoosha mkono. Hakuupokea. Aliinua yake yote miwili, akanionyesha.

"Unaiona hii mikono?" akasema. "Imemsomesha huyu mpaka akawa daktari. Sikuichosha ili nije nimkabidhi mmwaga mabakuli ya wagonjwa."

Mwanawe alisimama pembeni yangu. Akasema, "Mama, basi." Maneno mawili, akaishia hapo. Mimi sikuweza kumtazama yule mama usoni, nikaitazama mikono. Ilikuwa imekolea rangi nyeusi kuanzia kwenye kucha hadi juu kidogo ya viwiko, na pale juu rangi ilikatika ghafla kama mkono wa shati. Niliisoma mikono ile mpaka nikaikariri, kwa sababu ningeinua macho ningelia mbele yake, na hilo nilikuwa nimeapa halitatokea. Kuanzia siku ile mimi na Daktari tuliongea habari za wagonjwa tu.

Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Wahenga hawakukosea, na mtukanaji sasa alikuwa kitandani kwangu.

Niliingia ofisini bila kubisha. Alikuwa amekaa na karatasi ya mapokezi mbele yake. Karatasi ile ina mchoro wa mwili wa binadamu, mbele na nyuma, na daktari anayempokea mgonjwa hupaka wino kila palipoungua. Mchoro wa mama yake ulikuwa mweusi karibu wote. Macho ya Daktari yalikuwa mekundu, na shati alikuwa amelifunga vifungo kombo. Siku nyingine ningelifungua nikalifunga upya, huku nikimcheka.

"Umemwona?" nikamuuliza.

"Nimeona karatasi."

"Sikukuuliza habari za karatasi."

Akaanza kunieleza kwa ile sauti ya taratibu anayowawekea ndugu wa wagonjwa. Kwamba daktari wa usiku ni mtu makini na alipima vizuri. Kwamba namba haina mama wala shangazi. Kwamba kumsugua mwanamke wa umri ule, nyama juu ya nyama, kwa ajili ya kifo kilichokwisha kuandikwa, ni ukatili. Nilimwacha aongee mpaka maneno yakamwishia. Ndipo ikatoka ya kweli, na ilitoka kwa sauti nyingine.

"Mwaka huu nimewapeleka watu kumi na mmoja nyuma ya lile pazia," akasema. "Kumi na mmoja. Nimewatazama watoto wao machoni nikawaambia haiwezekani. Leo ni mama yangu, niseme inawezekana?"

Ilinichoma. Nusura nizunguke meza nimshike bega. Mtu huyu alikuwa anajikata mwenyewe kwa kisu alichokinoa, na kwa namna yake ya kijinga alidhani hiyo ndiyo haki. Kisha nikaona chini ya karatasi, pale panapoandikwa kwamba mgonjwa asitiwe mrija. Wino ulikuwa haujakauka vizuri.

"Umeshatia saini."

"Ndiyo."

"Kabla ya kumshika mkono."

"Nikimshika mkono sitaweza kutia saini."

"Basi ungeanza na mkono!"

Hiyo ndiyo mara moja niliyopaza sauti asubuhi ile. Nilimkumbusha mara ya kwanza aliponishika mimi, kwenye chumba cha mashuka, alipokuwa ananifundisha kupima. Aliniambia kiganja cha mgonjwa pamoja na vidole vyake ni asilimia moja ya mwili wake. Akakichukua kiganja changu, akakilaza juu ya mkono wake kunionyesha, halafu akasahau kukirudisha. Nilimpenda kwa ajili ya kule kusahau. Nikamwambia mtu yule sijui amekwenda wapi, huyu aliyekaa hapa simtambui.

"Unadhani simpendi mama yangu?" akauliza.

"Sijui. Namba ya hilo hujawahi kunipa."

Akaficha uso mikononi. Ningeweza kuishia hapo, lakini hasira ikishapanda haijui ngazi ya kushukia. Nikamwambia kwamba siku ile kwao, alipoyatoa yale maneno yake mawili akanyamaza, nilijidanganya kuwa ni mwoga mbele ya mama yake tu. Kumbe ni mwoga hata kwa ajili yake.

"Mimi amenitukana, na bado nakwenda kumwona," nikasema. "Wewe amekuzaa. Mimi na wewe tumemalizana."

Nikatoka. Moyo ulikuwa unanilaumu na kunipongeza kwa wakati mmoja.

Kwenye benchi la korido alikuwa amekaa mama mdogo wa Daktari, mdogo wa mgonjwa, nguo zake zimejaa masizi. Siku ya utambulisho alikuwepo na alicheka. Aliponiona akasimama, akajiweka mlangoni mwa chumba cha pazia.

"Umekuja kufurahi?" akaniuliza.

Nikamwambia nimekuja kazini. Akasema dada yake asiguswe na mimi, watafute muuguzi mwingine, hata huko kufa kuna heshima yake. Nikamjibu kwamba wauguzi wengine wana wagonjwa wao, na kwamba anieleze kwanza ilivyokuwa, halafu anichukie vizuri.

Akanieleza huku akilia. Huwa wanaanza kupika rangi kabla hakujapambazuka. Dada yake aliinama kukoroga pipa la moto, gauni likashika moto kwenye kuni. Upepo ulikuwa umefunga mlango wa banda, moshi ukajaa. Yeye, aliyekuwa nje, alipofanikiwa kuuvunja mlango alimkuta dada yake chini, ameshajizima mwenyewe.

"Alijizima kwa maji?" nikauliza, kwa mazoea tu. Ni swali la kwenye fomu.

"Maji yapi, wakati bomba liko nje? Alilikumbatia pipa la rangi iliyopoa, akajimwagia lote kuanzia kiunoni kwenda chini."

"Rangi gani?"

"Nyeusi. Wiki hii tulikuwa na kazi ya nyeusi." Akanishangaa. "Kwani rangi inakuhusu nini?"

Nilisimama pale nikaiona ile karatasi upya, mchoro wote mweusi. Ngozi iliyoungua hasa, ile ya kuungua hadi ndani, nayo huwa nyeusi. Daktari wa usiku alimpokea mtu mweusi kuanzia vidole hadi viwiko, mweusi kuanzia kiunoni hadi nyayo, ananuka moshi, akapaka wino. Angeoshwa, kosa lingeonekana hapo hapo. Lakini namba ilitoka kubwa, na mwenye namba kubwa haoshwi. Asiyeoshwa haonekani, na asiyeonekana haoshwi. Mlango tuliufunga wenyewe na ufunguo tukauacha ndani.

Nikamshika yule mama mdogo mabega, nikamsogeza pembeni kama kiti.

Mgonjwa alikuwa amelala chali, dripu moja tu. Kifua, shingo na ubavu wa kulia viliungua kweli, pale hapakuwa na ubishi. Paja la kulia nalo lilikuwa na malengelenge. Nywele za mbele zimekwenda. Lakini kilichonitisha ni pumzi. Kila alipovuta hewa koo lilipiga kafilimbi kembamba, na hiyo maana yake ni kwamba linavimba kwa ndani. Likishafunga kabisa hata bingwa hapitishi mrija. Tulikuwa na nusu saa, labda chini ya hapo.

Nikauinua mkono wake wa kushoto. Juu kidogo ya kiwiko rangi ilikatika, pale pale nilipopakariri. Nikachukua sindano, nikamgusa kwa ncha kwenye kifundo. Ngozi iliyoungua hadi ndani haisikii kitu. Mkono ule uliruka.

Nikajaza bakuli maji ya vuguvugu, nikachukua sabuni na shashi, nikaanza na miguu. Maji yakawa meusi mara moja. Chini ya ule weusi ikatokea ngozi ya mguu wa mwanamke wa makamo, ina mishipa, ina kovu la zamani gotini, haina hata lengelenge. Nikasugua mguu wa pili. Mama mdogo alikuwa ameshika pazia na kuziba mdomo. Nikahamia mkononi, nikasugua, na mkononi rangi haikutoka. Najua kwa nini nilisugua kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Nilikuwa nasugua pia lile neno lake.

"Hiyo haitoki, binti," sauti ikasema. "Miaka thelathini naisugua."

Ilikuwa sauti ya mchanga, ya kukwaruza, lakini ni yeye. Macho alikuwa ameyafungua nusu.

"Unanijua mimi ni nani?" nikamuuliza.

"Mmwaga mabakuli."

"Ndiye."

Akavuta pumzi, filimbi ikapiga. "Mwanangu yuko wapi?"

"Anakuhesabu."

Sikupaswa kumjibu mgonjwa hivyo. Alifumba macho, nikadhani nimemuumiza, kisha akafumbua. "Mwambie aache," akasema. "Aje."

Mama mdogo hakungoja kutumwa. Yule yule aliyenizibia mlango alikimbia korido nzima bila viatu.

Daktari alifika akasimama kwenye pazia, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Sikumwambia neno. Niliuinua mguu wa mama yake, nusu umetakata, nusu mweusi bado, nikamwonyesha. Akatazama. Akaja taratibu mpaka kitandani, akamshika mama yake mkono, na kidole gumba chake kikapanda chenyewe mpaka pale juu ya kiwiko rangi inapokatika. Mpaka ule aliujua kabla hajajua kusoma.

"Hii ni rangi," akasema, kama mtu anayejisemea mwenyewe. "Ni rangi tu."

"Toa mikono, kumi na mbili," nikamwambia. "Toa miguu chini ya magoti, kumi na nne. Paja la kulia usilitoe, limeungua. La kushoto na mgongo sijafika."

Midomo yake ikacheza. "Thelathini na sita. Mia moja kumi na saba." Akanitazama. "Bado ni namba mbaya."

"Namba mbaya nimezizika, na namba mbaya nimezisindikiza mpaka getini zikitembea. Koo linaziba, Daktari."

Aliikunja ile karatasi yenye saini yake, akaitia mfukoni, akaagiza vifaa. Akaishika taa ya kumulikia koo. Akainama sikioni kwa mama yake. Akamwambia atampa dawa ya usingizi, atamtia mrija wa hewa, na hataweza kusema kwa siku nyingi. Kama kuna neno, aliseme sasa. Sauti ilimkatika kwenye neno *sasa*, na mimi nikageuza uso, maana sikutaka anione namwonea huruma.

Mama alimtazama mwanawe kwa muda mrefu. Kisha akanitazama mimi. Kisha akatazama bakuli lililokuwa juu ya kigoda, limejaa maji meusi pomoni.

"Bakuli limejaa," akasema. "Likamwagwe."

Damu ilinipanda usoni. Nikawaza, hata hapa, hata katika pumzi ya mwisho ya maneno, bado ananionyesha nafasi yangu. Nikameza. Kazi ni kazi. Nikainama kulishika bakuli, na vile vidole vyake vyeusi vikanishika kifundo cha mkono. Havikuwa na nguvu, ila sikuweza kuvitoa.

"Si wewe," akasema. "Yeye."

Daktari akatikisa kichwa kukubali, kama mtoto aliyetumwa. Akasukuma dawa kwenye dripu, macho ya mama yake yakafumba, na vidole vikalegea mkononi mwangu kimoja kimoja. Mrija uligoma mara ya kwanza. Mara ya pili ukapita. Filimbi ikakatika, na kifua kilichoungua kikapanda na kushuka sawasawa.

Ndipo akalichukua bakuli. Alilibeba kwa mikono miwili, akapita nalo korido nzima, mbele ya mama yake mdogo, mbele ya wauguzi wote waliosimama kutazama, maji yakimrukia kwenye koti jeupe. Nilisikia akilimwaga. Nilisikia akilisuuza. Alirudi nalo lina maji safi, mikono ya koti ameikunja, matone meusi yametapakaa kifuani. Ubaoni alikuwa ameshafuta ile namba, na hakuandika nyingine.

Akaliweka bakuli karibu yangu.

"Wale kumi na mmoja," akasema chini kwa chini. "Hatukuwaosha."

"Hatukuwaosha," nikamjibu.

Machozi yalimshuka bila sauti, na hakuyafuta. Kisha akaniuliza kama nimemsamehe. Nikamwambia hapana. Akaitikia kwa kichwa, hakubisha, hakueleza lolote kwa ile sauti yake ya taratibu. Aliendelea tu kusimama pale, mikono mitupu, akingoja nimwambie cha kufanya.

Nikachovya kitambaa majini, nikakikamua, nikampa.

"Mgeuze polepole," nikamwambia. "Mgongo bado."